Aya Niliyoikata Kwenye Risala ya Prisca

Jumamosi, katikati ya mwezi wa kumi. Jioni, barazani kwangu.

Mlima ulikuwa wazi alfajiri, wote, hadi kileleni. Ilipofika saa tatu ukajifunika kama kawaida yake. Joto la kabla ya vuli limetukalia vichwani mchana kutwa na mvua haikunyesha. Nimerudi, nimevua viatu, nimekaa. Sauti imenikauka kwa kusoma majina.

Leo tumefanya mahafali ya kidato cha nne. Kwangu ni ya ishirini na mbili katika shule hii hii ya kata, juu kidogo ya soko la Kiboriloni. Kila mwaka siku kama ya leo huwa naandika hapa kwamba watoto wamependeza na kwamba nimewakumbuka wa zamani. Leo pia ni kweli. Mijakaranda imechanua, na wahitimu walipopita chini yake na majoho yao ya kukodi, maua yakiwadondokea mabegani, niliacha kila kitu nikawatazama. Miaka minne iliyopita walikuja na sare zinazoburuza, za kununuliwa kwa matumaini ya kukua. Leo wengine wananitazama kutoka juu.

Ila leo nina jambo la kukiri. Nimekaa nalo tangu Jumatano na nikiliacha hivi hivi litaniharibia kumbukumbu ya siku yote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo risala ya wahitimu lazima ipite mikononi mwangu. Mwanafunzi anaandika, mimi nasahihisha, mkuu wa shule anapitisha, inapigwa chapa, inasomwa mbele ya mgeni rasmi. Nimesahihisha risala nyingi mpaka naweza kuzisoma kabla hazijaandikwa. Furaha isiyo kifani. Upungufu wa walimu wa sayansi. Tunaomba uzio.

Mwaka huu aliyechaguliwa kuandika ni Prisca. Ni binti mrefu, mkimya, anayekaa dawati la nyuma kwa hiari yake. Insha yake huwa naiweka chini kabisa ya rundo ili nimalizie kazi na kitu kitamu. Jumatano alinikuta ofisini, akasimama pembeni ya meza huku nikisoma na kalamu nyekundu mkononi. Furaha ilikuwepo, walimu wa sayansi walikuwepo, uzio ulikuwepo. Kisha nikafika kwenye aya ya shukrani kwa wazazi.

Aliandika hivi: "Tunawashukuru walezi wetu. Baadhi yao ni wauza ndizi wa Kiboriloni. Waliambiwa wataishia huko. Wameishia huko, na sisi tumefika hapa."

Niliisoma mara mbili. Kama mwalimu wa lugha, nilijua kwamba hakuna sentensi bora kuliko hizo katika risala zote nilizowahi kushika.

Nikaikata.

Nilimwambia aya hiyo itamkwaza mgeni rasmi, kwamba risala ni sauti ya wahitimu wote, si ya nyumba moja. Prisca aliangalia ule mstari mwekundu.

"Naomba ibaki, Madam," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni ya dada yangu. Yeye ndiye aliyeambiwa."

"Aliambiwa na nani?"

Alikunja ncha ya karatasi, akaikunjua. "Na mwalimu wake," alisema.

Sikuuliza mwalimu yupi.

Ningeuliza, jibu lingekuja pale pale, na nadhani mahali fulani ndani yangu nilishaanza kulisikia. Badala yake nikamwambia apeleke risala ikapigwe chapa bila ile aya. Akasema, "Sawa, Madam," akatoka. Alifunga mlango polepole kama anavyofanya siku zote.

Kabla sijafika leo, lazima nirudi nyuma kidogo, kwa mama yangu.

Mama aliuza ndizi Kiboriloni maisha yake yote ya utu uzima. Mshare za kupika, ndizi ng'ombe, za kuivisha, msimu kwa msimu. Alishuka nazo kutoka Kilema kichwani, baadaye kwenye gari la mizigo, na ndizo zilizonipa daftari, sare, na chuo cha ualimu. Aliyewahi kukata mkungu anajua kwamba utomvu wa mgomba hautoki. Vidole vya mama vilikuwa vyeusi kwenye kucha na kwenye mikunjo, na hakuna sabuni iliyoviweza.

Siku ya mahafali yangu ya kidato cha nne alikuja moja kwa moja kutoka sokoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta usoni, anang'aa. Nami, mtoto wake wa pekee, nilimwendea kabla hajafika kwa wazazi wengine, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, jifunike mikono."

Hakugomba. Aliingiza mikono ndani ya kitenge. Jina langu liliposomwa wamama wote walipiga makofi na vigelegele. Yeye alipiga vigelegele tu. Mikono haikutoka.

Mama alifariki miaka saba iliyopita. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa siku ile. Na kazini, kwa miaka yote ishirini na mbili, mtu akiniuliza mama yangu alikuwa anafanya kazi gani, nimejibu kwamba alikuwa mfanyabiashara.

Sasa leo.

Nilifika shuleni saa moja kusimamia upambaji. Vijana walikuwa wameshajenga tao la migomba na majani ya masale kwenye lango, kama tunavyofanya kila mwaka. Nyuma ya jiko wamama walikuwa wanamenya ndizi za mtori. Pikipiki ya mizigo iliingia na mikungu mitatu mikubwa, na mwanamke aliyekuja nayo akaanza kuishusha mwenyewe. Nilimfuata kumshukuru kwa mchango.

Aligeuka. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba," nilisema, kisha nikamwona vizuri. "Restituta?"

"Umenikumbuka."

Nilimkumbuka, ndiyo. Nilimfundisha kidato cha tatu, miaka kumi na miwili nyuma. Alikuwa na uso wa duara na tabia ya kulala darasani, kichwa juu ya mkono, mdomo wazi kidogo. Siku moja hakuja, na wiki iliyofuata hakuja, nikaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, na mwisho wa muhula nikapiga mstari juu ya jina lake. Hayo nilikuwa nayo kichwani. Nilidhani ndiyo yote.

"Wewe ndiye dada yake Prisca," nilisema.

"Ndiye mimi. Mama alivyofariki nimemlea mwenyewe. Alikuwa na miaka mitano." Aliweka mkungu chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye kucha na kwenye mikunjo.

Nikauliza, na sijui ujasiri ulitoka wapi. "Yale maneno ya kwenye risala. Ni mimi niliyekuambia?"

Restituta akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyegundua kitu.

"Kumbe umesahau," alisema. "Miaka yote nilikuwa najua tunakumbuka wote wawili."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Ingekuwepo ningejitetea.

Alinikumbusha, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ilikuwa kipindi cha mwisho. Alikuwa amelala. Nilipiga chaki mezani, darasa zima likageuka, nikasema, "Endelea kulala, binti. Wewe utaishia kuuza ndizi Kiboriloni." Wakacheka. Na mimi, kwa maelezo yake, nilitabasamu.

Nimejaribu mchana kutwa kukumbuka siku ile. Sioni chochote. Naona tu kwamba sentensi ni yangu. Mpangilio wa maneno ni wangu. Ile "binti" ni yangu.

Na ndizi za Kiboriloni nilizitoa wapi, kama si nyumbani kwetu?

Mwalimu wa zamu akaniita. Gari la mgeni rasmi lilikuwa limeonekana barabarani. Nilimwacha Restituta na mikungu yake katikati ya mazungumzo, nikakimbia. Lakini kabla ya kwenda kupokea wageni nilimtafuta Prisca kwenye mstari wa wahitimu, nikamvuta pembeni.

"Soma aya yako," nilimwambia. "Isome yote kama ulivyoiandika."

Alinitazama kwa mashaka. "Madam, mkuu ameshampa mgeni rasmi nakala. Atakuwa anafuatilia."

"Mimi nitaongea na mkuu."

Alirekebisha kofia yake. "Hapana, Madam," alisema kwa adabu. "Ilikatwa, imekatwa. Sitaki sasa ionekane mmenihurumia."

Ana miaka kumi na saba, na anajua tofauti hiyo.

Alisoma risala iliyopigwa chapa. Alisoma vizuri, sauti yake ikafika mpaka kwenye maturubai ya nyuma. Alipofika kwenye wazazi na walezi alitua kidogo mno, pengine hakuna aliyeona isipokuwa watu wawili, akaruka kwenda kwenye uzio. Mgeni rasmi aliahidi uzio. Watu wakapiga makofi.

Kisha ikafika zamu yangu. Kwetu hapa mwalimu wa darasa ndiye anayesoma majina. Mhitimu anatoka, mzazi au mlezi anacheza kutoka alipokaa mpaka mbele, anamvisha mtoto shada la maua ya karatasi, picha inapigwa. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Babu mmoja wa Kilema alikuja mbele na fimbo yake akasahau kuitumia. Mama mmoja alilia mpaka shada likamwangukia mwanawe machoni. Nilicheka kwenye kipaza sauti, watu wakacheka nami, na kwa dakika kadhaa nilisahau.

Nikafika kwenye jina lake.

"Prisca Deogratias," nilisoma. Karatasi ilikuwa inataka niendelee na jina linalofuata. Nikasema, "Mlezi wake ni dada yake, Restituta Deogratias, ambaye alisoma katika shule hii. Anauza ndizi Kiboriloni."

Palikuwa na minong'ono. Walimu wenzangu waligeuka. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza.

"Mama yangu mzazi aliuza ndizi hapo hapo Kiboriloni. Ndizo zilizonisomesha mpaka nikawa mwalimu. Sijawahi kuwaambia."

Kigelegele kimoja kilitoka nyuma ya jiko, kwa wale wamama wa mtori, kikajibiwa na kingine, na uwanja wote ukalipuka. Restituta alikuja mbele bila kucheza. Alitembea. Alimvisha mdogo wake shada, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili, mikono ambayo hakuificha popote, na Prisca, ambaye sijawahi kumwona akilia, alilia kama mtoto wa chekechea.

Mkuu wa shule alitazama saa yake. Nikaendelea na majina.

Wenzangu walinipongeza wakati wa chakula. Mwalimu wa fizikia aliniambia, "Kumbe wewe ni mtoto wa sokoni, ndiyo maana hatukuwezi kwa maneno!" Tukacheka wote. Mtori ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba nimesema nusu. Nilichagua nusu ile inayonipendeza: binti wa muuza ndizi aliyefika mbali. Nusu ya pili, ya mwalimu aliyemdhihaki mtoto kwa ndizi hizo hizo, niliibakiza mfukoni.

Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda kwenye lango. Nilisimama chini ya tao kama anayekagua mapambo, nikachomoa jani moja la isale.

Kwa wasiotoka huku niseme tu: isale ni jani la kuombea msamaha. Uliyemkosea ukimpelekea isale, kwa desturi yetu hatakiwi kukataa, hata kama kosa ni la damu. Nililelewa nikiliona. Mara moja nilimwona baba mdogo wangu akipanda mlima na jani hilo mkononi kwenda kwa jirani ambaye hawakusemeshana naye mwaka mzima, na jioni walirudi wakiwa wameshikana mabega. Mimi mwenyewe sijawahi kumpelekea mtu.

Restituta alikuwa anafunga kamba kwenye pikipiki, Prisca amekwenda kurudisha joho. Nilimfikia nikiwa nimeshika jani kwa mikono miwili. Aliliona kabla sijasema neno, akarudi nyuma hatua moja na kunyoosha kiganja.

"Usinipe kwanza, Madam."

Nilisimama.

"Ukinipa hilo sitakuwa na ruhusa ya kukataa. Acha kwanza nikujibu bila hilo."

Nikashusha mikono. Nilisema ninachoweza kusema, kwamba nilikosa, kwamba nilikuwa na aibu ya kwetu nikamtupia yeye. Nilisema mengi mno. Nikamwambia pia kwamba hajachelewa, kwamba watu wazima wanafanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, kwamba ningemfundisha mwenyewe kila Jumamosi, Kiswahili na historia, na kwamba nitamtafutia vitabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Sitaki shule," alisema. "Nina kazi, Madam. Naipenda. Nina wateja mpaka Arusha. Usinionee huruma kwa ndizi. Hayo ni yale yale ya darasani."



"Na sikuacha kwa sababu yako," aliendelea, akivuta kamba. "Mama alikuwa kitandani na Prisca alikuwa mdogo. Ningeacha tu. Ila siku ninaondoka, hayo maneno ndiyo niliyoondoka nayo. Wengine waliondoka na cheti. Nilikuwa napanga ndizi mezani nayasikia. Mpaka leo kuna siku nayasikia."

Alifunga fundo, akalijaribu.

"Kwa hiyo mimi ninachotaka ni kidogo. Usimwambie mtoto mwingine. Basi."

"Nakuahidi," nilisema.

"Usiniahidi haraka," alisema. "Fikiria kwanza."

Ndipo aliponyoosha mkono, akalichukua jani mwenyewe kutoka kwenye vidole vyangu. Aliliangalia, akalichomeka kwenye kanga yake kiunoni kama anavyochomeka kisu cha kukatia mikungu, akaniaga. Prisca alikuja akikimbia na sare yake ya kila siku, kofia ya mahafali bado mkononi kwa sababu alikuwa amesahau kuirudisha, akarudi nayo tena mbio, wote tukacheka. Wakashuka kuelekea mjini.

Nimekaa hapa barazani nikijaribu kufurahi, na kwa kiasi nimefurahi. Nimewakumbuka wengi leo, madarasa ishirini na mawili ya watoto. Nimekumbuka nyimbo zao, utani wao, aliyeniletea parachichi kila Ijumaa, aliyekuwa akiandika "hapana" kwa herufi mbili za p. Nilikuwa nadhani kumbukumbu hizo ni mali yangu, nimeziweka kama picha. Sasa najiuliza wao wameweka picha gani yangu.

Restituta aliniambia nifikirie kabla ya kuahidi. Nimefikiria.

Juzi Alhamisi nilikuwa kidato cha pili. Kuna mtoto anaitwa Glory. Anachelewa kila siku na akiulizwa anajibu chini chini. Nilikuwa nimechoka, risala ilikuwa imeniudhi, mahafali yalikuwa yamenikalia shingoni. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikaanza kusema, "Glory, wewe utaishia..." Kengele ikalia. Wakatawanyika.

Sikumbuki nilitaka kumalizia na nini.

Lakini yeye alisimama pale kidogo kabla ya kuchukua begi lake, na sasa nina hakika kwamba alikuwa anaimalizia mwenyewe.

Jumatatu nitafika mapema, kabla ya wanafunzi kupanga mstari. Nitamsubiri kwenye njia ile anayopandia, na akija amechelewa nitamsubiri hivyo hivyo.